Ajenti wa nyumba Malindi: hati safi, sachi safi, ila kasoro ndogo za kabla ya funguo wazitupia mnunuzi

Nyota 3 kati ya 5. Hizo mbili walizokosa ni za jambo moja tu na ndo maana naandika marefu, manake watu wengi wapitia kwa ofisi hii na nyengine za aina yake hapa Malindi na hili jambo hakuna anayeliuliza mpaka limfike. Jina la ofisi sitaliandika, nilivoulizia nimeona ni tabia ya wengi si ya hawa pekee, sasa anayetafuta nyumba asome hii awe na maswali ya kwenda nayo kwa ajenti yeyote.

Kwanza haki yao niwape. Kazi ya kutafuta nyumba waliifanya sawasawa. Tulikuwa twamtafutia mama nyumba ya chini, isiyo na ngazi, karibu na msikiti, isiwe mbali sana na hospitali, na pesa ni ya kuchanga sisi ndugu, na hawakutuzungusha kutuonyesha majumba ya Casuarina yenye puli ambayo wajua hatuyawezi. Simu wanashika, miadi hawachelewi, na ile tuliyoichukua upande wa Shella (Shella ya hapa Malindi, si ile ya Lamu) sachi yake (ule uchunguzi wa hati kwenye ofisi ya ardhi) ilitoka safi, jina la kwenye hati ndo jina la muuzaji mwenyewe, na reti za kaunti, yaani kodi ya ardhi, zilikuwa hazina deni. Kwa mtu anayejua visa vya kuuziwa ploti moja watu watatu, hilo si jambo dogo. Nyota zao tatu ni halali yao.

Tatizo lilianza baada ya kusaini.

Kwa wasiojua mambo yanavyokwenda, nyumba Kenya huinunui ukapewa funguo siku ile ile. Mnaandikiana agrimenti kwanza, na lazima iwe ya maandishi, imesainiwa na ina mashahidi, bila hivo sheria ya mikataba haiitambui kwenye mambo ya ardhi. Hapo mnunuzi atoa arubuni, kawaida asilimia 10, halafu mwasubiri makaratasi, mara nyingi ni siku 90, muuzaji atafute vibali na alipe kodi zake, wewe utafute salio na ushuru wa stempu, mwisho ndo siku ya kukamilisha, salio laenda kule na hati na funguo zaja huku. Sasa ile miezi ya katikati nyumba iko wapi? Muuzaji kimoyomoyo ashaiuza, yuko mbioni na mambo yake mengine. Mnunuzi hajapewa, hata geti hawezi kulifungua. Nyumba ina wenyewe wawili na haina hata mmoja wa kuipitishia fagio.

Na sisi tulisaini mwanzo wa mwezi wa nne. Mtu wa pwani nikimwambia hivo ashajua kinachofuata. Kusi laingia, masika yaja, mwezi wa tano ndo mvua yenyewe, upepo watoka baharini na chumvi yake na nyumba imefungwa madirisha yote hakuna hewa. Mzee mwenye nyumba alikuwa ashahamia Mombasa kwa watoto wake, funguo akawaachia ajenti, na hapa ndo nataka msomaji ashike vizuri, FUNGUO ZILIKUWA KWA AJENTI muda wote ule. Ziko kwenye droo pale ofisini. Na kutoka ofisini mpaka kwenye nyumba ni mwendo wa tuktuk wa dakika chache tu.

Kabla ya kukamilisha tuliomba kwenda kuikagua tena, hili nalo ajenti aliona twamsumbua lakini loya wetu alikuwa ashaliweka kwenye agrimenti, kwamba mnunuzi ana haki ya kuingia kuangalia nyumba kabla ya kulipa salio. Tukaenda na fundi. Kufungua mlango tu harufu ya koga yakupokea. Pampu ya kisima imekwama haizunguki, maji ya kisima chetu huku yana chumvi na pampu ikikaa bila kutumika inashika kutu ndani, kila fundi wa bomba hapa atakwambia. Boya za vyoo zote mbili zimeganda. Bomba chini ya sinki la jikoni lilikuwa lavuja pole pole Mungu ajua tangu lini, na kabati la chini lile la mbao za kubandika limefura limechanuka, ukilishika laanguka unga. Kwenye baraza ya mbele makuti ya upande wa kusi yameteleza, mvua imekuwa yaingia moja kwa moja kwenye mlango mkubwa, mlango umevimba haufungi mpaka uusukume kwa bega. Vitasa viwili kutu. Kioo kimoja cha luva kimevunjika. Fundi akahesabu akatwambia kwa jumla kama Sh45,500, nyingi ya hiyo ikiwa ni pampu na makuti.

Hakuna hata kimoja hapo cha kumfanya mtu aseme sitaki tena nyumba. Kuta ziko imara, paa la mabati halivuji, stima yawaka. Ni kasoro ndogo. Lakini Sh45,500 kwa familia iliyochanga mpaka dada yetu akauza mbuzi si pesa ya kuokota, na jambo lenyewe si pesa peke yake. Siku tuliyosaini ile pampu ilikuwa yapandisha maji, tuliiwasha sisi wenyewe tukasikia maji yaingia kwenye tangi. Mlango ulikuwa wafunga. Kabati lilikuwa zima.

Nikampigia ajenti. Jibu lake naliandika vile alivosema: "Dada, hivo ni vitu vidogo vidogo tu, nyumba mliiona mkaikubali, na agrimenti yasema mwauziwa vile ilivyo. Mkianza mambo ya vitasa mtajichelewesha wenyewe."

Sasa hapa ndo penye kiini na naomba tuelewane. Ni kweli agrimenti nyingi za hapa zina hicho kipengele cha kwamba nyumba yauzwa vile ilivyo, na ni kweli sheria yategemea mnunuzi afungue macho. Ufa uliouona ukutani siku ya kwanza ukanyamaza huwezi kuja kuudai mwisho. Sisi wenyewe tuliona grili za madirisha zina kutu, rangi ya nje imepauka, taili mbili za bafuni zina ufa, na bei tukaivuta chini kwa sababu ya hayo, basi yale ni yetu, hatukuyataja tena hata mara moja. Lakini vile ilivyo ya SIKU GANI? Ya siku tuliyoingia tukaiona tukaweka saini, au ya siku ajenti atakapoamua kutoa funguo kwenye droo? Kama ni ya siku ya mwisho basi muuzaji yeyote aweza kuiacha nyumba ioze miezi mitatu na bado akalipwa bei ile ile ya nyumba nzima. Haiingii akilini.

Loya wetu alitueleza kitu ambacho sikuwa nakijua na nafikiri kila mnunuzi akijue. Kenya tuna sheria iitwayo Judicature Act, inayosema mahakama zetu zafuata pia misingi ya sheria ya Uingereza na kanuni zao za haki kama zilivokuwa tarehe 12 Agosti 1897, pale ambapo sheria zetu wenyewe hazijasema vyengine na kwa kadiri hali ya hapa inavoruhusu. Na kabla ya tarehe hiyo, mwaka 1891, kulikuwa na kesi Uingereza, Clarke v Ramuz, mtu kauza kiwanja, na kabla hajakikabidhi akaja mtu baki akachota udongo mwingi akaenda nao, muuzaji hakuzuia. Mahakama ikasema muuzaji alipe, kwa sababu tangu mnapoandikiana mpaka unapokabidhi mali ile waishika kama amana ya mwenzio, na lazima uitunze kama mtu mwenye akili anavyotunza mali yake. Nilipoambiwa hivo nikaiona ile nyumba yetu, madirisha yamefungwa, bomba ladondoka usiku na mchana, hakuna aliyefungua mlango kuangalia.

Lakini loya alikuwa mkweli, hakutupa matumaini ya bure. Alisema msingi huo wamshika muuzaji aliyezembea. Bomba lililovuja wiki baada ya wiki bila mtu kulikagua, makuti yaliyoteleza yakaachwa mvua yaingia, hapo una la kusema. Lakini kitu kilichokufa chenyewe, bila uzembe wa mtu, kama pampu iliyozeeka ikafika mwisho wake, hapo mwaweza kubishana mpaka mchoke, na kubishana kortini kwa ajili ya pampu ni kutupa pesa. Ndo maana alisema dawa ni agrimenti yenyewe, iseme waziwazi. Yetu ilisema nyumba itakabidhiwa katika hali iliyokuwa siku ya saini isipokuwa uchakavu wa kawaida, na nyuma yake kuna orodha ya vitu vyote vinavyobaki, pampu, tangi, kabati za jikoni, feni, na picha tulizopiga siku ile zimebandikwa na pande zote mbili wakazisaini. Mdogo wangu alipiga picha mpaka chini ya sinki, na ile picha ya chini ya sinki ndo iliyomaliza maneno, kabati lilikuwa kavu halina hata doa.

Nikaenda pia kwa ustadhi wetu, manake mzee muuzaji ni Muislamu na sisi ni Waislamu na sikutaka tudai kitu kisichokuwa haki yetu. Akanambia kwenye madhehebu ya Shafii, ambayo ndo twayafuata wengi wetu huku pwani, kilichouzwa kikiwa bado hakijakabidhiwa kiko kwenye dhamana ya muuzaji, na aibu (yaani kasoro) ikizuka kabla mnunuzi hajakipokea, mnunuzi ana hiari ya kukichukua au kukirudisha. Na muuzaji aliyeijua aibu ya kitu chake si halali kwake kuificha. Mahakama ya ardhi itaangalia agrimenti na sheria ya nchi, hilo nalijua, lakini kwa watu wawili wanaomuogopa Mungu hii ilitosha kuanzia mazungumzo.

Na mazungumzo yenyewe yalikuwa mepesi kuliko nilivyodhani. Nilimpigia mzee Mombasa moja kwa moja. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, habari za mamako?" Nikamueleza moja moja, pampu, makuti, kabati, mlango. Kimya kidogo, halafu akasema, "Mbona sijaambiwa? Mimi funguo niliwapa waingie wafungue madirisha, nikawaambia na pampu iwashwe kila Ijumaa." Wallahi nilishtuka. Kumbe mzee hakuwa amezembea yeye, aliwakabidhi watu kazi na watu wakaweka funguo kwenye droo, na tulipolalamika hawakumfikishia wakatutisha sisi kwamba tutajichelewesha. Mzee akasema, "Nyumba ile nimelea watoto wangu ndani yake, sitaki mamako aingie akute maji hayana. Fundi wako atengeneze nami nitalipa." Mzee yule Mungu amzidishie, nyota 5 kwake bila kufikiri.

Hapa ndo ajenti aliponikera hasa. Kwamba pampu imekufa, ni mambo ya dunia. Lakini ajenti ndiye mtu pekee aliyekuwa na funguo, ndiye aliyejua pande zote mbili, na kazi yake ilikuwa kubeba neno kutoka huku kwenda kule. Badala yake alikaa katikati akazuia. Naelewa kamisheni yake yatoka siku ya kukamilisha na kila barua ya loya yamuogopesha kwamba dili litavunjika, lakini dili halivunjiki kwa ukweli. Lingevunjika kama tungelipa salio halafu siku ya kuhamia ndo tugundue, hapo tungemchukia mzee wa watu asiye na kosa lolote na yeye asingejua kwa nini.

Jinsi tulivyomaliza nayo niiseme manake yaweza kumsaidia mtu. Hatukukataa kukamilisha. Loya alitukanya sana juu ya hilo, usiseme silipi mpaka kitasa kibadilishwe, kwa kasoro ndogo kama hizi huna haki ya kukimbia agrimenti, na ukichelewesha salio wewe ndo utaandikiwa notisi na arubuni yako yaweza kuenda na maji. Wanunuzi wengine nao huwa na tabia mbaya ya kutafuta taili iliyopasuka ili bei ishuke tena dakika ya mwisho, hilo si haki na muuzaji asilikubali. Tulichofanya, maloya wawili waliandikiana kwamba tunakamilisha tarehe ile ile, lakini Sh45,500 kutoka kwenye salio zibaki kwa loya wa muuzaji, wala haziendi kwa mzee wala hazirudi kwetu, mpaka fundi amalize na kazi ikaguliwe. Fundi akimaliza analipwa kutoka pale, ikibaki ni ya mzee. Tena mlango haukuhitaji mpya, jua lilipotoka ukakauka fundi akaupiga randa kidogo ukafunga, ikabaki kiasi cha pesa na ikarudi kwake. Kila mtu akaridhika isipokuwa ajenti ambaye mpaka leo nikikutana naye sokoni asalimia kwa mbali.

Kwa anayenunua flati mpya kwa mjenzi hiyo ni habari nyengine, kule kuna muda wa mkandarasi kurekebisha kasoro baada ya kukabidhi, mara nyingi miezi 6, uliza uone umeandikwa wapi na unahesabiwa kutoka lini. Mimi nazungumzia nyumba iliyokaliwa, yatoka kwa mtu yaenda kwa mtu, na hizo ndo nyingi hapa mjini. Na zile za Wataliano zinazouzwa siku hizi kando ya bahari, mwenyewe yuko Ulaya mwaka mzima na askari wa geti ndo mwenye nyumba, hatari yake ni hiyo hiyo mara kumi, miezi mitatu ya kusi juu ya paa kubwa la makuti bila mtu wa kulipanda si mchezo.

Kwa ofisi hii, kama wanasoma. Mkipewa funguo na mwenye nyumba, mmepewa amana. Mtu mmoja aende mara moja kwa wiki, afungue madirisha, awashe pampu, avute maji ya choo, aangalie chini ya sinki na juu ya baraza, apige picha atume kwa muuzaji na mnunuzi. Kijana wa mtaani ukimpa Sh500 atafanya kwa moyo mmoja. Na mnunuzi akileta lalamiko, lifikisheni siku hiyo hiyo, muachieni muuzaji aamue mwenyewe. Mkifanya hivo nyinyi ndo mtakuwa bora Malindi, manake upande wa sachi na hati tayari hakuna anayewashinda.

Kwa anayetaka kujua gharama: kamisheni ya ajenti alilipa muuzaji. Kodi ya faida ya mauzo, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida, pia ni juu ya muuzaji. Sisi tulilipa loya wetu na ushuru wa stempu asilimia 4 kwa sababu ni ndani ya manispaa. Ajenti muulize kama amesajiliwa na bodi ya maajenti wa nyumba, ni sheria, wetu alikuwa nacho cheti ukutani. Na fundi aliyetukagulia alichukua Sh3,000 kwa asubuhi nzima, ripoti yake aliiandika kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, kasoro na bei ya kila moja, akatia saini na namba ya kitambulisho, na maloya wa pande zote wakaikubali vile vile.